Kabla ya kufupisha mkono wa gia, kaza ulionao

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 tu, lakini ni kilomita zinazoshuka. Mji wa Mbinga umekaa kwenye nyanda za juu za Umatengo, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, ilhali maji ya Ziwa Nyasa, ambako Mbamba Bay ipo, hayafiki mita 500. Gari linaloondoka Mbinga kwenda ufukweni huteremka zaidi ya mita 800 kwa hesabu ya jumla, baada ya kupanda na kushuka vilima kadhaa njiani. Miteremko ya nchi hii ndiyo iliyowafanya Wamatengo wabuni kilimo cha ngoro, cha kuchimba mashimo kwenye mlima ili mvua isiondoke na udongo. Zamani njia hiyo ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya utelezi masika, na dereva hakuwa na hiari ila kwenda taratibu. Lami iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikiwa sehemu ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, imebadili mambo. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, sasa imeungwa na mkoa wake kwa barabara ya mwaka mzima, na magari madogo yanafika ziwani bila kuhesabu mawe.

Lami huleta mwendo, na mwendo huleta hamu ya kulifanya gari liitikie haraka. Miongoni mwa vifaa vinavyouzwa kwa ahadi hiyo ni mkono wa gia mfupi, ambao kifaa chake wapenzi wa magari hukiita shoti shifta. Kifaa hiki hufungwa kwenye gari la manyuo ili mkono wa dereva usafiri umbali mdogo kati ya gia moja na nyingine. Kinapatikana kwa magari ya kijana anayependa mwendo, kama Toyota Altezza ya gia sita na Subaru Impreza, na pia kwa magari ya kazi. Wanaokiuza husema kinampa dereva wepesi na udhibiti. Wepesi ni jambo zuri, na udhibiti ni jambo zuri zaidi. Lakini kwa dereva wa mlimani haya mawili hayaji pamoja kila mara. Hoja ya makala haya ni kwamba katika barabara kama za Mbinga na Nyasa, dereva anahitaji mkono wa gia uliokaza na unaotii kuliko mkono mfupi, na kwamba shilingi ya kwanza ya kurekebisha gia iende kwenye bushi, oili na klachi kabla ya kifaa chochote kipya kununuliwa.

Hesabu ya mkono

Tuanze na jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, maana ubishi mwingi wa gereji huisha mtu akiangalia vipimo. Mkono wa gia ni wenzo. Una sehemu ya juu inayoshikwa na dereva, una kiungo cha duara katikati kinachozungukia kwenye kiti chake, na una sehemu fupi ya chini inayosukuma fito za ndani ya giaboksi. Tuchukue mfano wa mkono ambao sehemu yake ya juu ni milimita 200 na ya chini ni milimita 40. Uwiano wake ni 5 kwa 1. Ikiwa fito ya ndani inahitaji kusogea milimita 10 ili gia iingie, mkono wa dereva utasafiri milimita 50. Sasa fundi akifunga kifaa kinachorefusha sehemu ya chini mpaka ifike milimita 57, uwiano unashuka kuwa 3.5 kwa 1, na mkono wa dereva utasafiri milimita 35. Safari imepungua kwa asilimia 30, na hiyo ndiyo namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Namba isiyoandikwa ni ya nguvu. Anayeng'oa jiwe kwa mtaimbo anajua kwamba mtaimbo mrefu hulinyanyua jiwe kwa nguvu kidogo, na akishika mfupi atatoka jasho. Fito ya ndani ya giaboksi haijui kama mkono umefupishwa. Inadai nguvu ileile iliyokuwa ikidai jana. Uwiano ukishuka kutoka 5 hadi 3.5, nguvu ya kusukuma inapanda kwa takriban asilimia 43. Gia iliyokuwa ikiingia kwa msukumo wa kilo 2 sasa itataka karibu kilo 3. Ni vivyo hivyo kwa anayekata mkono wa gia kwa grinda na kuchomelea upya kichwa chake: akiupunguza kutoka milimita 200 hadi 140 anapata uwiano uleule wa 3.5, pamoja na nguvu ileile ya ziada. Tofauti ni kwamba kifaa cha kiwandani kimepimwa, ilhali mkono uliokatwa na kuchomelewa unategemea ustadi wa aliyeshika mashine siku hiyo.

Kwa gari jipya lenye giaboksi laini, nguvu hiyo ya ziada haisumbui. Tatizo ni kwamba magari mengi ya barabara zetu hayakuja mapya. Hilux iliyobeba mahindi miaka 20, Land Cruiser iliyotumikia hospitali kisha ikauzwa kwa mnada, Canter inayopandisha samaki kutoka ziwani: haya yana giaboksi ambazo tayari ni nzito. Na Umatengo una baridi. Asubuhi za Juni na Julai, gari lililolala nje Mbinga au Litembo huamka na oili nzito ndani ya giaboksi, na dereva yeyote wa huko anajua kwamba gia namba mbili hugoma mpaka gari litembee kidogo. Ukifupisha mkono wa gari kama hilo, unamwongezea dereva mzigo saa ileile ambayo mashine haiko tayari.

Kuna jambo jingine linalofichika ndani zaidi. Kati ya gia na gia kuna ringi za shaba ya njano, sinkronaiza, ambazo kazi yake ni kusawazisha mizunguko ya vyuma viwili vinavyokwenda kwa kasi tofauti kabla havijashikana. Kusawazisha huko ni kwa msuguano, na msuguano unataka muda. Ni muda mfupi sana, lakini upo, na hauwezi kufutwa kwa kufupisha mkono. Dereva anayepata mkono mfupi hushawishika kuupiga haraka, akadhani amepata gari jepesi. Kwa kweli anailazimisha ringi imalize kazi yake kwa shinikizo kubwa ndani ya muda mdogo, na ringi hulipa kwa kulika. Ikishalika, gia zinaanza kukwaruza, na hapo ndipo giaboksi nzima inashushwa chini ya gari kwa gharama ambayo mwenye gari hakuitarajia.

Mteremko hauulizi urefu wa mkono

Sasa tuiweke hesabu hiyo barabarani. Chukua gari dogo lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria wake. Likishuka mita 800, uzito wake unaachia nishati ya takriban megajuli 11.8. Ili msomaji apate picha, hiyo ni karibu sawa na kulisimamisha gari hilo kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa mara 20. Sehemu ya nishati hiyo humezwa na upepo na matairi. Iliyobaki lazima iende mahali, na dereva ana mahali pawili tu pa kuipeleka: kwenye breki, ambazo huigeuza kuwa joto, au kwenye injini, ambayo hulizuia gari kila likiwa kwenye gia huku mguu umeondolewa kwenye mafuta. Breki zikipokea mzigo wote peke yake, zinachemka. Oili ya breki ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzijoto 205, lakini ikishanyonya unyevu kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. Oili iliyokaa miaka bila kubadilishwa inachemka mapema, mvuke unaingia kwenye mabomba, na pedali ya breki inazama sakafuni bila kulishika gari.

Kwa hiyo katika mteremko mrefu gia ni breki, na ni breki isiyochemka. Kanuni ya madereva wakongwe wa malori ni kwamba mlima unashukwa kwa gia ileile ambayo ungeupandia, na gia hiyo inaingizwa juu, kabla mteremko haujaanza. Kanuni hiyo ina maana kubwa kwa mjadala wetu. Kama gia inachaguliwa kabla ya mteremko, basi kasi ya kubadili gia haina kazi kubwa. Dereva aliyepanga gia yake kileleni ana sekunde nzima, hata mbili, za kuisukuma taratibu mpaka ikae. Anachohitaji ni uhakika kwamba akitaka namba mbili atapata namba mbili, na kwamba ikishaingia haitachomoka yenyewe gari likianza kusukumwa na uzito wake.

Inafaa hapa kuondoa imani moja ya zamani, ya kuchomoa gia na kuteremka frii ili kuokoa mafuta. Katika injini za kisasa za kompyuta imani hiyo ni kinyume cha ukweli. Gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, kompyuta hukata kabisa mafuta kwenda kwenye injini, kwa kuwa magurudumu yenyewe ndiyo yanayoizungusha. Likiwa frii, injini inabidi ilishwe mafuta ili isizime. Anayeteremka frii anatumia mafuta zaidi na anazitwika breki kazi yote. Na akitaka kurudisha gia katikati ya mteremko, gari likiwa limeshashika mwendo, ringi zile za shaba zitagoma, na urefu wa mkono hautamsaidia kwa lolote.

Tupime basi faida ya ufupi kwa mita. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa husogea mita 11 kila sekunde. Tuseme mkono mfupi unaokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde katika kila kubadili gia, na hiyo ni kumkadiria kwa ukarimu dereva wa kawaida. Ameokoa mita 1 na kidogo. Lakini akikosa gia mara moja, akabaki frii kwa sekunde 2 huku akiitafuta, gari limekwenda mita 22 bila kushikwa na injini. Kwenye kona za mlimani, mita 22 ni kona nzima. Kukosa gia mara moja kunafuta faida ya kubadili haraka mara 20. Hii ndiyo sababu ninasema kwamba kwa barabara hizi kipimo cha mkono mzuri wa gia ni kutokosea, na kasi inakuja nyuma sana.

Zaidi ya kukosa gia kuna kuipata isiyo yenyewe. Baadhi ya vifaa hivi hubana pia nafasi ya kulia na kushoto, kiasi kwamba njia ya namba nne na njia ya namba mbili zinakaribiana. Dereva aliyezoea mkono mrefu anatoka namba tano akilenga namba nne, anatua kwenye namba mbili. Katika giaboksi nyingi namba mbili huizungusha injini kwa kasi inayokaribia mara mbili ya namba nne kwa mwendo uleule. Injini iliyotarajiwa kwenda mizunguko 3,000 kwa dakika inalazimishwa na magurudumu kufika karibu 6,000. Injini ya petroli inaweza kunusurika. Injini ya dizeli, ambayo kwa kawaida haikusudiwi kupita 4,500 au 5,000, inaweza kupinda valvu palepale. Kikata mafuta cha kompyuta hakizuii hilo, kwa sababu anayeizungusha injini wakati huo ni mteremko.

Kinacholegea ni bushi

Mtu anaweza kusema: lakini mkono wa gari langu unacheza kama ulimi wa kengele, unayumba kulia na kushoto hata ukiwa kwenye gia, na ndiyo maana ninataka kifaa kipya. Huyu ana tatizo la kweli, na anastahili jibu la kweli. Mara nyingi anachokiona kuwa urefu wa safari ya mkono ni ulegevu. Milimita nyingi zinazopotea hapo hazifanyi kazi yoyote ya kuingiza gia; zinakwenda kwenye uwazi uliochimbwa na miaka kati ya chuma na plastiki. Uwazi huo ukizibwa, safari ya mkono inapungua yenyewe, bila kuongeza nguvu hata kidogo.

Katika Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani, ambazo mkono wake umekaa moja kwa moja juu ya giaboksi, dawa ni bushi, kipande kidogo cha plastiki kinachovishwa kwenye ncha ya chini ya mkono, pamoja na kiti cha kile kiungo cha duara. Kazi yenyewe inaonekana hivi. Gari linawekwa mahali tambarare, hendibreki inavutwa na magurudumu yanazuiliwa kwa mawe. Kichwa cha mkono kinafunguliwa kwa kukizungusha. Skrubu zinazoshika mfuko wa mpira sakafuni zinatolewa, na mfuko unavutwa juu. Hapo fundi mwangalifu anasimama kwanza na kusafisha, kwa sababu vumbi la miaka limejaa pembeni mwa shimo, na chembe za mchanga zikianguka ndani ya giaboksi zitazunguka na meno ya gia mpaka siku ya mwisho. Kisha anakishika kifuniko cha mkono, anakibonyeza chini kupambana na springi na kukizungusha kidogo, kinafunguka, na mkono mzima unatoka. Kwenye ncha yake bushi nzima hukaa kama kofia iliyobana. Iliyochoka huwa imepasuka upande mmoja, imekuwa nyembamba kama ganda, au haipo kabisa, na chuma kinagonga chuma. Mpya inavishwa kwa grisi, mkono unarudishwa, na kazi imekwisha. Bei ya bushi hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na kifaa cha kufupisha.

Magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Corolla na Starlet, hayana mkono uliokaa juu ya giaboksi. Yana waya mbili zinazotoka chini ya mkono na kwenda mbele kwenye injini. Huko kinachochoka ni bushi za ncha za waya, waya zenyewe zikianza kukwama ndani ya ganda lake, na maunti za injini zikipasuka, kiasi kwamba injini nzima inayumba dereva akikanyaga mafuta na kuvuta gia pamoja nayo. Kufunga mkono mfupi juu ya waya zinazokwama ni kumwongezea dereva nguvu ya kupambana na kutu. Waya hizo zitakatika mapema kuliko ambavyo zingekatika.

Kisha kuna klachi, ambayo lawama zake nyingi hubebeshwa gia. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji chombo. Injini ikiwa inanguruma taratibu na gari limesimama, kanyaga klachi mpaka mwisho, subiri sekunde 5, kisha weka rivasi. Katika magari mengi rivasi haina sinkronaiza, kwa hiyo inasema ukweli: ikiingia kimya, klachi inaachia vizuri, ikikwaruza, klachi haiachii yote, na kila gia unayoingiza inapigana na injini inayoendelea kuzungusha. Hapo tazama oili ya klachi, masta yake na silinda ya chini, na kama kuna hewa itolewe. Mwisho ni oili ya giaboksi. Giaboksi nyingi za manyuo zenye ringi za shaba zimetengenezwa kwa oili ya daraja la GL-4. Oili ya GL-5, nzuri kwa difu, katika magari mengi haifai giaboksi, kwa kuwa viungo vyake vinaweza kuila shaba na utelezi wake huinyima ringi msuguano inaoutaka. Kumwaga oili iliyochakaa na kuweka ya daraja sahihi na uzito sahihi kumewahi kulainisha giaboksi nyingi zilizodhaniwa kufa, na kwenye baridi ya Umatengo tofauti yake inasikika asubuhi ya kwanza.

Wanaopinga wana hoja

Wapo watakaosema kwamba magari ya mashindano yote yana mikono mifupi, na kama kitu kinamfaa bingwa hakiwezi kumdhuru dereva wa Mbinga. Hoja hii inasahau kilicho chini ya mkono. Magari ya daraja la juu ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, hutumia giaboksi za mfuatano, ambamo dereva huvuta au kusukuma tu na gia zinafuatana zenyewe. Hakuna namba mbili ya kuikosea ukiwa unatafuta namba nne. Giaboksi hizo hufunguliwa na kukaguliwa na mafundi wa timu kila mara, na zikichoka hubadilishwa. Gari linalotakiwa kuwapeleka watu ziwani kila siku kwa miaka 10 halina timu hiyo nyuma yake. Kuazima kipande kimoja cha gari la mashindano bila kuazima matunzo yake ni kuchukua hatari na kuiacha faida.

Wengine watasema mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa magari mengi madogo yanayotoka Japani siku hizi ni ya otomatiki. Ni kweli kwa IST na Noah za mjini. Lakini magari yanayobeba uchumi wa Mbinga na Nyasa bado yanabadilishwa gia kwa mkono: malori yanayotoa makaa ya mawe Ngaka, Fuso zinazokusanya kahawa kutoka kwenye vyama vya ushirika msimu wa mavuno, pikapu zinazopandisha dagaa na samaki wa Nyasa kwenda Songea, na Land Cruiser zinazofika kwenye vijiji ambavyo lami haijafika. Mkono wa gia ungali chombo cha kazi huku, na chombo cha kazi kinastahili kuzungumzwa kwa uzito. Na hata mwenye otomatiki ana somo lilelile: namba za chini kwenye gia yake ziliwekwa kwa ajili ya miteremko, wala hakuna sababu ya kushuka mlima mzima katika D huku breki zikinuka.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya yule anayesema: gari langu nimelitunza, bushi ni mpya, oili ni sahihi, klachi inaachia, na bado mkono ni mrefu kiasi kwamba nikienda namba tano bega langu linatoka kwenye kiti. Nimpe haki yake. Katika baadhi ya magari safari ya mkono ni ndefu kweli, na dereva mwenye mikono mifupi hulazimika kuinama huku mkono wa kulia ukibaki peke yake kwenye usukani. Kwake yeye kupunguza safari ya mkono ni suala la usalama, na kifaa kizuri kitamsaidia. Ninachomwomba ni kiasi na ukaguzi. Achague kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya giaboksi yake hasa, kisichopunguza safari kwa zaidi ya robo au theluthi. Asikate mkono wa asili, ili siku akijuta aweze kuurudisha. Baada ya kufunga, gia zote zijaribiwe injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa na klachi imekanyagwa, na fundi achungulie kama mkono haugusi ukingo wa shimo la sakafu katika gia yoyote. Mkono unaogusa ukingo kabla gia haijaingia sawasawa utaiachia gia nusu, na gia iliyoingia nusu ndiyo inayochomoka mteremkoni. Kizuizi cha rivasi lazima kifanye kazi kama awali. Halafu dereva alizoee gari lake upya kwenye barabara tambarare kabla ya kulipeleka kwenye kona za kushukia ziwani.

Wajibu hauishii kwa dereva peke yake. Mwenye gari anayemkabidhi kijana gari la abiria au mzigo ndiye anayeamua fedha ya matengenezo iende wapi, na mara nyingi hupenda kununua kinachoonekana. Bushi haionekani, oili haionekani, lakini ndizo zinazomrudisha kijana nyumbani. Mafundi wetu nao, waliosoma VETA Songea na waliojifunzia chini ya mwembe, wanayo heshima ya kutosha kumwambia mteja kwamba hahitaji kifaa anachokitaka. Fundi anayefanya hivyo anapoteza faida ndogo ya leo, lakini anampata mteja wa miaka mingi.

Basi kwako wewe mwenye gari la manyuo katika nyanda hizi, kabla hujafungua pochi kwa ajili ya mkono mfupi, fanya mambo manne kwa mpangilio huu: kagua bushi, pima klachi kwa rivasi, badilisha oili ya giaboksi kwa daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, na badilisha oili ya breki kama hukumbuki ilibadilishwa lini. Kisha teremka hadi Mbamba Bay kwa gia uliyoichagua kileleni. Ukifika ukiwa bado unaona mkono ni mrefu, nunua kifaa chako kwa amani. Wengi watakaofuata mpangilio huu watagundua kwamba hawakihitaji tena.